Haki Yangu ya Kusema Nguruwe wa Gaylen Alijazwa Maji

Jumatatu, 8 Julai

Barua imefika. Karatasi nzuri, ina nembo ya Bodi ya Maonyesho ya Kaunti ya Vrana. Sahihi ya mwenyekiti, LaVonne Sedlacek, mwanamke niliyemfundisha kucheza polka mwaka 1989. Shukrani ndiyo hii.

Sehemu ya kwanza ya barua: mimi, Delmar Hruska, mtangazaji wa maonyesho kwa miaka kumi na tisa mfululizo, nimenyang'anywa maikrofoni mpaka nitakapokanusha hadharani maneno niliyosema siku ya gwaride. Sehemu ya pili ni habari za mikutano. Sikuimaliza. Nimeweka kikombe cha kahawa juu yake.

Maneno yenyewe haya hapa, siyaogopi. Tarehe nne, kwenye gwaride la Siku ya Uhuru, nilisema kwenye kipaza sauti, mji mzima ukisikia, kwamba nguruwe wa Gaylen Pospisil aliyepata utepe wa ushindi mwaka jana alijazwa maji kwa mpira asubuhi ya kupimwa, ndiyo maana alikuwa mzito vile. Je, niliona? Sikuona. Lakini mtu mwenye uzoefu hahitaji kuona. Nilimtazama yule nguruwe akitembea nikasikia maji.

Na maonyesho bila mimi ni nini? Ni ng'ombe wamesimama. Mwaka 2011 trekta lilizimika katikati ya uwanja wa mashindano ya kuvuta mizigo, matope hadi kwenye ekseli. Nilitaja jina la dereva mara tatu, kwa sauti yangu ile ya chini, na trekta likawaka lenyewe. Watu walikuwepo.

Nani atashika maikrofoni badala yangu? Gaylen! Mtu anayeongea kama anasoma maelekezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Mke wangu Arlene amesema niombe radhi, yaishe. Nimemweleza kwamba nchi hii ina Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, na kwamba yanamlinda mtu na mdomo wake. Ameuliza kama yanalinda pia takataka zisizotolewa nje tangu Ijumaa.

Maonyesho yanaanza Alhamisi ya tarehe ishirini na tano. Nina siku kumi na saba za kurudisha maikrofoni. Zinatosha na kubaki.

Jumanne, 9 Julai

Nimesoma Katiba. Yote. Yaani ukurasa wa kwanza wote na wa pili kiasi, pale kwa daktari wa meno, kabla sijaitwa. Nina kichwa cha sheria mimi. Shule niliifuata hadi darasa la kumi na moja. La kumi na mbili niliwaachia wengine.

Mpango wa kwanza: kuwahutubia wananchi. Wananchi Jumanne wako wapi? Kwenye duka la chakula cha mifugo. Nimepanda juu ya magunia ya pumba nikaanza kueleza namna dhulma inavyoingia katika taifa, kidogo kidogo, kupitia bodi za maonyesho. Watu sita walinisikiliza. Mmoja alikuwa anasubiri nishuke achukue gunia.

Mwenye duka akaja akanitaka niondoke. Nikamtajia Marekebisho ya Kwanza. Akasema Katiba inaifunga serikali isimzibe mtu mdomo, na yeye si serikali, yeye anauza pumba, na yale magunia ni yake, na sakafu ni yake, na mlango ule pale ni wake pia lakini ananiruhusu niutumie kutokea.

Nimetoka kwa heshima. Nimemsamehe kwa kuwa hajasoma.

Alhamisi, 11 Julai

Barabara ni ya umma! Hilo hata muuza pumba hawezi kulipinga. Usiku kucha nimelitafakari, asubuhi nikatekeleza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa mbele ya nyumba ya LaVonne, nimefunga spika mbili kubwa juu ya pikapu yangu. Nikaanza na wimbo wa taifa, nikiimba mwenyewe. Kisha hotuba.

Taa zikawaka nyumba tisa. Umati, nikajiambia.

Baada ya dakika ishirini akaja Lyle, askari wa sherifu, ambaye tulicheza mpira pamoja sekondari na hajawahi kunipasia. Nikamwambia athubutu kuyazima maneno yangu. Akajibu kwa upole kwamba maneno hayamhusu hata kidogo. Nikitaka kumtukana LaVonne, sawa. Nikitaka kumtukana sherifu mwenyewe, sawa, yeye atakaa kwenye gari asikilize. Tatizo ni sauti. Kabla ya saa mbili asubuhi hakuna spika mtaani: si za kwangu, si za kanisa, si za muuza aiskrimu. Sheria moja kwa wote, hata aliyekuja kusifu.

Kwa hiyo nirudi saa mbili?

Rudi, akasema. Saa mbili ni haki yako.

Nikasubiri. Saa mbili kamili nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Ilikuwa imeishia kwenye wimbo wa taifa, pale juu. Nimekaa mbele ya nyumba ya LaVonne nikinong'ona kwenye spika. Mwishowe ametoka yeye mwenyewe, na nguo ya kulalia, akaniletea chai ya asali. Nimeinywa. Haimaanishi chochote kisheria.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimefika kilele.

Jana kwa kinyozi mtu mmoja alisema Mahakama ya Juu ya nchi ilishaamua kwamba kuchoma bendera ni aina ya kusema. Kuchoma! Bila sauti! Kwangu mimi ambaye koo bado halijapona, hii ilikuwa habari njema kuliko zote.

Bendera ya taifa siwezi kuichoma. Baba yangu alikuwa jeshini. Lakini kwenye nyasi mbele ya mahakama ya kaunti kulikuwa na bango refu la kitambaa: KARIBUNI MAONYESHO YA KAUNTI YA VRANA. Nikalifungua kamba. Nikalitandaza. Nikasimama wima na kiberiti. Watu wakakusanyika. Nikanong'ona kwamba moto huu ni maneno.

Yakawa maneno mengi kuliko nilivyopanga. Mvua haijanyesha tangu Mei. Maneno yakashika nyasi, yakaelekea kwenye mti wa mkuyu uliopandwa na wanajeshi wastaafu. Nilivua shati nikayapiga. Lyle alikuja na mtungi wa kuzimia moto na uso usio na urafiki.

Nikamwambia Mahakama ya Juu iko upande wangu. Ninaandika jibu lake neno kwa neno, litumike kortini:

"Delmar, ungechoma bendera yako mwenyewe, siku mvua imenyesha, ningekushikia kofia. Hili bango si lako. Na kuna marufuku ya moto kaunti nzima, mpaka kuku wa kuchoma tumekatazwa. Wewe nilikuwa nakuona mjinga tangu sekondari, lakini wa maneno, si wa kiberiti."

Neno "mjinga" nimelipigia mstari. Hilo nalo litajibiwa.

Jumatatu, 15 Julai

Hakimu ni mwanamke kijana, anatafuna kalamu. Nilimwambia mimi ni mfungwa wa mawazo. Akasema mimi ni mtu aliyechoma nyasi. Amenipa siku tano za kufanya kazi ya jamii: kusafisha mabanda ya nguruwe kwenye uwanja wa maonyesho, yawe tayari.

Mabanda ya nguruwe. Adui zangu wana ucheshi.

Jumanne, 16 Julai

Nimefagia mabanda ishirini na mawili kwa saa moja. Hakimu angeona angenipa medali. La ishirini na tatu lilikuwa na Gaylen ndani yake, anapigilia ubao. Nikatarajia ngumi. Mimi ngumi naziweza. Mwaka 1996 kule Omaha niliwaangusha watatu, wa nne akaondoka mwenyewe. Nikashika ufagio vizuri.

Hakupiga. Aliendelea na ubao wake, akaongea na ubao.

"Asubuhi ile ya kupimwa mimi sikuwepo, Delmar. Nilikuwa hospitali na mama. Nguruwe alipelekwa na Connie. Unamjua mke wangu, hata kwenye karata haibi. Sasa akiingia kanisani watu wanamuuliza kama ameleta mpira wa maji."

Nikamwambia ni utani tu wa watu.

"Hacheki. Ameacha kwenda." Akachomoa msumari mdomoni. "Mimi kesi sitaki, na maikrofoni yako siitaki, LaVonne amenilazimisha. Nikisimama mbele ya watu mikono inanitoka jasho. Nataka useme si kweli. Kwa mdomo uleule, mbele ya watu walewale. Kisha ukatangaze trekta zako."

Nikafikiri sana. Ni kweli nilimsikia nguruwe? Labda ilikuwa ndoo ya mtu. Hata hivyo nilimjibu kwamba siwezi kukubali kunyamazishwa, kwa kuwa nikinyamaza mimi leo, kesho atanyamazishwa yeye. Akasema yeye angefurahi sana kunyamazishwa.

Mtu mgumu kumweleza mambo.

Jumatano, 17 Julai

Renata amekuja. Ni binti wa dada yangu, wakili kule Lincoln, akili zake zote kazitoa upande wetu. Arlene ndiye aliyempigia simu, nyuma ya mgongo wangu. Nilimpa kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, na hoja zangu zote, kwa mpangilio. Alikula tatu. Za kolachi.

Kisha akaniuliza, mjomba, wewe unataka haki gani hasa.

Nikasema haki ya kusema.

Akasema hiyo ninayo, mpaka majirani wanajuta. Nikisema Gaylen anachosha, hayo ni maoni, hakuna wa kunigusa. Nikisema LaVonne anaendesha bodi kama bwana jela, maoni pia, na tena ni kuikosoa serikali, ndicho kitu kinacholindwa kuliko vyote. Lakini kujaza nguruwe maji si maoni. Ni jambo lililotokea au halikutokea. Kama halikutokea, nami nikamchafulia mtu jina bila hata kujali kuuliza, Katiba haitanishikia mwavuli. Na maikrofoni ni ya bodi, bodi inachagua nani aongee kwa niaba yake, basi.

Nikasema kumbe hana msaada. Akaomba aione barua.

Akakinyanyua kikombe. Akasoma sehemu ya pili, ile yenye duara la kahawa. Akasoma tena. Uso ukambadilika.

"Mjomba. Hii umeisoma?"

Nikasema kwa jumla.

"Wamekupiga marufuku kuongea kwenye mikutano ya bodi mwaka mzima. Sababu, nasoma, 'maoni yako kuhusu bodi hayajengi'. Wameandika! Wametia sahihi!"

Alikuwa amesimama. Sijawahi kumuona hivyo tangu aliposhinda mashindano ya kusoma akiwa na miaka minane. Akanieleza, akitembea jikoni. Bodi ni mkono wa kaunti, kwa hiyo ni serikali. Mkutano wake una kipindi ambacho mkazi yeyote husimama akatoa maoni. Wanaweza kumpimia kila mtu dakika. Wanaweza kusema tuzungumze maonyesho tu, tusizungumze vita. Lakini kumfungia mtu mmoja kwa kuwa hawayapendi maoni yake, hilo hawawezi kabisa. Hapo ndipo Marekebisho ya Kwanza yanapoamka na kuvaa viatu.

"Umehangaika wiki nzima na haki usizokuwa nazo," akasema, "na uliyonayo umeiwekea kikombe."

Nilimwambia nilikuwa naiatamia.

Ijumaa, 19 Julai

Ushindi!

Barua ya Renata ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mwanasheria wa kaunti aliisoma saa tatu, saa nne LaVonne alinipigia simu. Marufuku imefutwa. Wanasikitika. Nimemfanya aseme "tunasikitika" mara mbili, ya pili nikasema laini ilikuwa mbaya.

Kisha akaongeza, kwa sauti ya zamani, ile ya polka: mkutano ni Jumanne. Nitapata muda wangu kama kila mtu, dakika tatu. Nikilikanusha lile neno la nguruwe hapo, mbele ya Connie, bodi itapiga kura palepale na Alhamisi nitakuwa juu ya jukwaa. Wamechoka. Gaylen alijaribu maikrofoni juzi akazimia kidogo.

Renata ameniandikia sentensi tatu kwenye kadi. Zinasema hivi: Nilisema nguruwe wa Pospisil alijazwa maji. Sikuona, na si kweli. Samahani Connie, samahani Gaylen.

Akanishikisha kadi kwa mikono yake miwili. Soma hii kwanza, mjomba, akasema. Kwanza. Ukimaliza ongea unachotaka.

Nikamwambia sentensi tatu kwa sekunde kumi, dakika zilizobaki nitazifanyia nini?

Jumanne, 23 Julai, jioni

Ukumbi ulijaa. Wengine wamesimama ukutani. Lyle alikuwepo. Connie alikaa mstari wa mbele, amevaa koti joto lote hili, mkoba magotini. Nilipoitwa jina waligeuka wote kunitazama, kama kwenye fainali ya trekta.

Nilitoa kadi. Nilikuwa naisoma, kweli, mdomo ulishafunguka. Lakini mtu hawezi kuingia kwenye radhi ghafla, kama anaingia bafuni. Lazima awaandae watu. Nikasema maneno mawili ya utangulizi kuhusu uhuru. Kutoka uhuru nikapita kwa baba yangu, jeshi, lile trekta la 2011, nikagusa Omaha. Walicheka! LaVonne mwenyewe alicheka, akafuta macho. Nilikuwa nao wote mkononi. Sauti imerudi, imenona. Nikainua kadi juu nikasema, na sasa, ndugu zangu, kuhusu nguruwe.

Kengele ikalia.

Nikamtazama LaVonne. LaVonne akanitazama. Alisema, polepole, kwamba dakika tatu ni dakika tatu. Wiki hii mwanasheria amemwambia akimwongezea mmoja awaongezee wote. Nikasema sentensi zenyewe ziko hapa. Akasema angependa sana. Mkutano ujao ni Agosti.

Connie alisimama akatoka, amekumbatia mkoba.

Nje, kwenye maegesho, Gaylen aliniita. Renata alikuwa nyuma yangu. Connie alikuwa ameshakaa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, na nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama pale inatafuta funguo.

"Sema hapahapa," Gaylen akasema. "Hapa hakuna kengele. Nitamrudisha LaVonne kwa mkono wangu wapige kura. Tafadhali, Delmar. Sitaki kupanda lile jukwaa."

Renata alinong'ona: mjomba, kadi.

Nikamwambia Gaylen kwamba ninamheshimu, na kwamba wakati wowote mwingine ningesema. Lakini je, haoni kilichotokea humo ndani? Serikali imemkatiza raia katikati ya sentensi! Suala la nguruwe limepitwa. Sasa suala ni kengele. Nikaanza kumweleza kuhusu kengele. Nilieleza vizuri sana. Nilipofika sehemu ya wafalme wa Uingereza kioo cha Connie kilikuwa kimepanda na gari limeondoka.

Renata alinichukulia kadi mkononi. Alitazama dirishani hadi nyumbani. Nadhani alikuwa anapanga kesi.

Alhamisi, 25 Julai

Maonyesho yamefunguliwa. Nimekaa kwenye viti vya watazamaji, mstari wa saba, kama raia wa kawaida. Sijalia. Vumbi lilikuwa jingi.

Gaylen juu ya jukwaa, kijivu kama saruji. Alisema "trekta ya kwanza" akanyamaza dakika nzima. Alisema "hii ni trekta nyingine". Watu walikuwa wanainama wanatazama viatu.

Basi nikaanza kumweleza Arlene, taratibu tu, nani huyo dereva, babu yake alikuwa nani, injini ile aliitoa shamba gani. Mstari wa sita wakageuka. Wa nane wakasogea mbele. Kabla ya trekta la nne nilikuwa na watu arobaini, wameacha viti vyao vizuri wamekuja kukaa upande wa jua. Hakuna kibali, hakuna maikrofoni, hakuna anayeweza kunizuia, na Lyle alikuwa amesimama pale chini akisikiliza, na nilimuona akitabasamu. Arlene alinishika goti. Akasema, unaona? Hiki kimekutosha. Na kilikuwa kimetosha kweli, kifua kilinijaa.

Kisha ukafika muda wa utepe wa keki za matunda. LaVonne akashinda, kwa keki yake ya cheri.

Watu arobaini walikuwa wananitazama wanangoja. Mtangazaji hawezi kuwaacha watu hivyo. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba lile ganda la unga la chini LaVonne hajalisukuma mwenyewe, amelinunua limeshaiva, dukani, kwenye boksi la buluu. Je, niliona? Sikuona. Lakini mtu mwenye uzoefu anaijua keki ya boksi kwa namna inavyokaa kwenye sahani.

Kicheko kilifika hadi jukwaani. Arlene aliondoa mkono.

Msichana wa mstari wa nane, mwenye miwani, akaniuliza kwa adabu kama ninasema hayo kama maoni au kama jambo lililotokea. Swali zuri, la mtu aliyesoma. Nikamjibu bila kusita: lililotokea. Akatoa kalamu. Akasema yeye ni mpwa wa LaVonne, wakili, anafanya kazi ofisi moja na Renata.

Nimemtajia jina langu herufi moja moja, asije akakosea.